Mama Spana, Stendi Uliziweka

Mwaka umetimia, Mama Spana, tangu majirani wawili na seremala wa ng'ambo ya barabara walipoliinua lile gari jeupe kwa magogo ili wakutoe chini yake. Ilikuwa Alhamisi, saa kumi na moja na nusu jioni. Tunaandika haya uyasikie wewe, na wengine wayasikie pia, kwa sababu mwaka mzima watu wamesema juu yako jambo lisilo la kweli, na sisi wa nyumbani kwako tulinyamaza kwa kuwa hatukujua.

Kwanza tukukumbuke unavyostahili.

Ulikuwa fundi wa magari ya zamani, yale ambayo gereji nyingine huyatazama mara moja na kusema, "Hili peleka kwenye vyuma chakavu." Wewe uliyaita bibi. "Haya bibi, kohoa tukusikie," ulisema ukiwasha injini iliyolala miaka kumi na minane, na mara nyingi bibi alikohoa kweli. Ulinawa mikono kwa sabuni ya unga na sukari, na bado ulikuja mezani na grisi chini ya kucha. Bolti ulizipanga ndani ya makopo matupu ya maziwa, kila kopo na karatasi yake, na makopo yakipungua uliviingilia vyombo vya chakula vya watoto. Siku moja mwanao wa mwisho alifungua chakula chake shuleni akakuta nati sita. Mwalimu akakuita. Ulienda, ukaomba radhi, ukarudi na nati zako umefurahi kama mtu aliyepokea posa, maana ulikuwa umezitafuta wiki nzima.

Chaneli yako ya video hukuianzisha kwa kutafuta jina. Mteja mmoja alikataa katakata kuamini kwamba mwanamke ndiye aliyeifungua injini yake yote na kuirudisha. Ukamwambia, "Sawa, baba. Safari ijayo nitakurekodia." Ukarekodi. Akatazama, akampelekea shemeji yake, shemeji akampelekea mwingine, na kabla hujajua kinachoendelea ulikuwa na watu elfu arobaini wanaokusubiri kila Jumamosi.

Simu aliishika wifi yako, dada wa mumeo. Alikuja kukaa kwetu baada ya duka alilokuwa akiuza kufungwa, akawa analala hadi saa sita mchana, uso umeelekea ukutani. Mumeo alimwonea huruma. Wewe ulisema huruma haimwamshi mtu. Ulimtoa chumbani kwa mkono, ukamkabidhi simu ya kazi, ukamwambia, "Simama hapa, na usitikisike." Alitikisika. Video tatu za mwanzo ni kama zimepigwa juu ya mgongo wa punda. Lakini alijifunza, na miezi sita baadaye yeye ndiye aliyekuwa anakuamrisha.

"Wifi, geuka huku, huko hakuna mwanga."

"Wewe unapiga gari au unapiga kucha zangu?"

"Kucha zako? Watu wanakula saa hizi, wifi. Waonee huruma."

Mlitaniana hivyo mchana kutwa. Watu husema mawifi hawapatani. Wangekuja kuuliza kwetu.

Na kila ulipotaka kuingia chini ya gari ulianza na mahubiri yako. "Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kuaminia." Ulionyesha stendi mbili za chuma, moja kushoto, moja kulia, jinsi zinavyobeba gari jeki ikishafanya kazi yake. Ulilisukuma gari kwa bega kuona kama linayumba. Ukalaza na tairi chini ya ubavu, endapo stendi zitakusaliti. Dakika nne nzima. Watazamaji walinung'unika, na wifi yako alikuomba ufupishe. Ulikataa. "Nikifupisha mimi, kuna mtu huko atafupishwa miguu," ulisema, na dakika nne zikabaki nne.

Kwa hiyo habari ilipotoka kwamba umefia chini ya gari lililoshikwa na jeki tupu, wenye vidole vyepesi walipata la kuandika. "Mganga hajigangi." "Mahubiri yote yale, kumbe mwenyewe haweki." "Mwanamke na magari, wapi na wapi." Mmoja hakuandika neno, aliweka tu sura za kucheka, zimepangwa mstari mzima. Waliotupa pole walikuwa wengi kuliko hao, tunakiri. Lakini mfiwa pole humpita, mwiba ndio unaobaki.

Na utusamehe, maana sisi wenyewe tulianza kuamini. Tulisema labda ulichoka siku ile. Labda ulikuwa na haraka. Wifi yako tulipomuuliza alijibu maneno yale yale kila mara: "Alikuwa anamalizia, jeki ikashuka." Simu ya kazi alisema ilivunjika palepale. Alikuwa analia, hatukumkazania. Baadaye akarudi kwenye kitanda chake na ukuta wake, tukasema ni majonzi. Kweli yalikuwa majonzi, ila hayakuwa peke yake.

Binti yako ametimiza miaka kumi na mmoja. Hupenda kufungua chaneli yako kwenye simu ya baba yake asikie sauti yako, na hatukuwa na moyo wa kumkataza. Tulichosahau ni kwamba siku hizi anasoma na maoni. Mwezi uliopita alikaa mezani jikoni, akamsomea shangazi yake moja kwa sauti, neno baada ya neno, kama anasoma kitabu cha shule. Ni lile la mganga.

Kisha akauliza, "Shangazi, wewe ulikuwepo. Mama alisahau stendi?"

Wifi yako alikuwa anamenya viazi. Akaweka kisu chini.

"Hakusahau. Aliziweka."

"Sasa mbona watu wanasema hazikuwepo?"

"Ziliondolewa. Nenda kaniitie baba yako."

Mumeo alipoingia alimkuta dada yake ameshaitoa simu ya kazi chini ya sanduku la nguo zake. Ilikuwa nzima, haina hata ufa. Akasema yote kwa mara moja, akiwa amesimama, mikono ina maji ya viazi.

Siku ile ulikuwa unarudisha giaboksi ya gari jeupe. Asubuhi yote mlirekodi: mahubiri, stendi, tairi, kila kitu. Ikabaki bolti ya mwisho, ile ambayo watazamaji wako huisubiri, maana kazi zako zote zilimalizikia kwenye bolti ya mwisho ikikazwa karibu kabisa na kioo. Wifi yako alilala ubavu sakafuni, akabonyeza kitufe, ukakaza. Ukatoka ukiimba. Ukalinyanyua gari kidogo kwa jeki, ukavuta stendi, ukavuta tairi, tayari kulishusha. Hapo ndipo alipotazama simu. Alikuwa amebonyeza mara mbili. Mara ya kwanza ilianza kurekodi, mara ya pili ikaacha. Bolti ya mwisho haikuwepo kwenye video.

"Wifi," akakuambia, "haikushika. Rudi mara moja tu, jua linaondoka."

Ulizitazama stendi pale zilipolala. Anasema ulizitazama kweli, na kwamba angeweza kusema "ziweke kwanza," na hakusema, kwa kuwa ingechukua dakika nne na mwanga ulikuwa unakwisha. Ukamcheka. "Wifi yangu wewe, utanizeesha. Haya, nusu dakika." Ukalegeza bolti ili uikaze upya, na jeki ikashuka.

Mkono wako mmoja ulikuwa nje. Aliushika. Alipiga kelele hadi seremala akasikia, lakini mkono hakuuachia, na anasema ulimbana vidole mara mbili, kisha basi.

Mumeo alisema, "Maji yakishamwagika," akashindwa kuimaliza methali ambayo kila mtoto anaijua. Akatoka akaenda kusimama kwenye gereji yako. Hakumpiga dada yake wala hakumkumbatia. Tangu hapo wanakula meza moja na kuombana chumvi.

Katika simu ile kuna video mbili za jioni ile. Ya pili, ile ya uliporudi chini, hatujaifungua, na hakuna atakayeifungua. Ya kwanza ni fupi, ni sekunde mbili tu. Kinaonekana kiatu chako, na nyuma ya kiatu stendi ya kushoto, na ya kulia, na tairi limelala chini ya ubavu, kila kitu mahali pake. Unasikika ukisema, "Umesha..." na inakatika. Mumeo ameitazama mara nyingi tusizozijua. Mwaka mzima ushahidi wako ulikuwa umelala chini ya nguo, na wewe unatukanwa.

Mama yako alifika wiki hii kwa ajili ya kumbukumbu, tukamweleza. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akamgeukia wifi yako.

"Mwaka mzima unaniletea uji kitandani nikija hapa. Unaniita mama. Na unawaacha wamtukane mwanangu?"

"Niliogopa, mama."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba mtanifukuza."

"Ningekufukuza," mama yako akasema. "Ningekufukuza siku hiyohiyo."

Hakuna aliyemtetea. Wifi yako mwenyewe hakujitetea. Alikwenda kufunga nguo zake, na binti yako akamfuata chumbani, na hatujui walisema nini mle ndani, ila sanduku halijatoka.

Leo asubuhi tumeziweka sekunde mbili zako kwenye chaneli. Hatukutia muziki wala salamu. Wifi yako aliomba aandike yeye maelezo ya chini, akakaa nayo tangu chai hadi mchana, akaandika mstari mmoja: "Kazi alishaimaliza salama, mimi ndiye niliyemrudisha chini kwa ajili ya video." Na jina lake kamili akalitia. Wameshaanza kumjia juu, wale wale wenye vidole vyepesi. Anasoma yote na hafuti hata moja.

Kwa hiyo ijulikane, kwa waliosema na waliocheka: Mama Spana aliweka stendi. Aliziweka siku zote alizofanya kazi, na aliziweka siku ile. Alipoziondoa kazi ilikuwa imekwisha, na aliporudi chini hakurudi kwa ajili ya gari. Alirudi kwa sababu wifi yake alimwomba, na yeye hakuwa na desturi ya kumnyima mtu nusu dakika. Kosa lake ni hilo, na hatutalipunguza wala kuliongeza. Gari jeupe mwenye mali amelichukua likiwa vilevile, bolti ya mwisho haijakazwa, na amesema haitakazwa na fundi mwingine.

Tulipokaa kuandika majina ya wanaokukumbuka, wifi yako alituomba tumwache nje. Alisema hastahili kuwekwa pamoja na sisi. Mumeo aliinamisha kichwa. Aliyejibu ni mama yako.

"Mimi sijamsamehe, na msiniharakishe. Huenda nikafa bado. Lakini mwanangu hakufa peke yake, alikuwa ameshikwa mkono. Mwandikeni."

Unakumbukwa na mumeo, ambaye bado hupiga honi akifika nyumbani ili ufungue geti. Unakumbukwa na binti yako, na mwanao wa mwisho anayetaka kujua kama huko uliko wanakuruhusu kuingia na viatu vya kazini. Unakumbukwa na mama yako mzazi, na kaka zako wawili, na seremala na majirani walioinua, na watazamaji wako wenye adabu.

Na wifi yako, aliyeshika simu, akaushika na mkono.

Hatutakusahau, Mama Spana, hata siku moja.