Mama, Walikata Swali

Mama yangu,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuniitikia marahaba, lakini kila nikipata jambo jipya, hamu ya kukupasha hunijia kabla sijakumbuka kwamba hupo. Leo sikuizuia.

Unakumbuka ulivyokuwa ukigombana na redio? Unakuna nazi jikoni kwetu Waa, mtangazaji anasema "inasemekana," nawe unasimamisha mkono. "Inasemekana na nani? Hana jina huyo?" Baba alikuwa akitikisa kichwa tu. Mimi nilikuwa nikisubiri redio ikujibu.

Halafu ile siku ya likizo uliyonipeleka kazini kwako, kule hotelini Diani ulikokuwa dobi. Uvumi uliingia chumba cha kufulia kwamba hoteli inafungwa. Wenzako wakaacha mashuka kwenye maji, wakaanza kulia na kukusanya kanga zao. Wewe ulifuta mikono, ukanishika, tukapanda hadi ofisini kwa meneja. Ulimwamkia vizuri, ukamuuliza: "Samahani, bwana, hoteli inafungwa?" Yule bwana akatutazama kama tumeshuka kutoka mbinguni. Kumbe kilichokuwa kikifungwa ni bwawa la kuogelea, lipakwe rangi.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani nilikuuliza kama hukuogopa.

"Niliogopa," ukasema. "Lakini hamu ya kujua ilinizidi."

Sasa ndiyo kazi yangu, mama. Ninawafundisha waandishi wa habari kuuchunguza uvumi kabla haujawatoka mdomoni. Wanakuja Diani kutoka Lamu, Tana River, Kilifi, Taita, hata Tanga, ng'ambo ya mpaka. Tunajifunza kuitafuta picha ilikopigwa kwanza, kuirudia sauti mpaka tusikie kilicho nyuma yake, kumpigia mwenye jambo badala ya jirani yake. Ungekuwepo, ningekuona umekaa kiti cha mbele, umejifunga leso, unanikatiza kila dakika.

Juzijuzi tulikuwa katikati ya somo simu zilipoanza kulia, moja baada ya nyingine. Ilikuwa sauti ya mwanamke, inatetemeka: "Jamani, mtoto kafa shuleni Msambweni kwa zile dawa za kichocho."

Unakijua kichocho, mama. Hata kwetu watoto walikuwa wakioga madimbwini, kisha wakikojoa damu. Siku hizi wauguzi hupita shuleni na vidonge vya kuwaua wadudu wake. Ukumbini kila mtu aliishika simu yake. Nikaona mmoja wetu ameshaanza kuituma sauti ile kwa mhariri wake. Nikamwomba aisimamishe kwanza, nikampigia mwalimu mkuu wa shule yenyewe.

"Hakuna mtoto aliyekufa," akasema, na nyuma yake nilisikia kelele. "Binti mmoja alizirai, amezinduka, anakunywa chai hapa. Lakini wazazi wamejaa langoni, wanamtaka muuguzi. Nimemfungia ofisini kwangu. Nifanye nini, dada?"

Nilimwambia amtoe yule binti nje, amfikishe langoni, mkono wake umeshikwa na mama yake mzazi, watu wamwone. Nasi tukaondoka.

Tulipofika Msambweni umati ulikuwa umepungua, lakini hakuna mzazi aliyekubali mwanawe ameze kidonge. Muuguzi alikuwa bado ofisini. Alikuwa amelivua koti lake jeupe, amelikunja na kulificha ndani ya mkoba, kwa kuwa aliogopa kuonekana nalo njiani. Alituambia yule binti hakuwa amekula tangu jana yake, na vidonge vile havitaki tumbo tupu.

Mwenzetu mmoja kutoka Taita, anaitwa Wakesho, akanivuta pembeni. "Dada, ukweli tumeupata. Si tukanushe tu, tuseme ni uongo, basi?"

"Tutakanusha," nikamjibu. "Lakini wewe huna hamu ya kujua ile sauti ni ya nani?"

Akanitazama, akacheka. "Ninayo."

Alituma taarifa kwenye kituo chake cha redio, kisha tukaanza kuufuata uvumi kinyumenyume. Kila tuliyemuuliza ameipata kwa nani alitutaja mwingine: mwendesha bodaboda alitupeleka kwa shemeji yake, shemeji akatupeleka kwa muuza viazi vya karai, naye akatuonyesha nyumba ya mwanamke anayeitwa Mwanasha. Nilitarajia mtu wa fitina. Tukamkuta ameketi mlangoni na bintiye mapajani, macho yamevimba.

Tukapiga hodi. Alipoambiwa sisi ni akina nani, alijifunika uso kwa mtandio.

"Sauti ni yangu," akasema. "Maneno si yangu."

Akafungua simu, akatusikilizisha ujumbe aliokuwa amewatumia akina mama wa kikundi chake: "Jamani, mtoto kafa shuleni Msambweni kwa zile dawa za kichocho, ni kweli? Mwanangu yuko huko, na simu ya mwalimu wake haipatikani. Anayejua aniambie, tafadhali."

Wakesho akaomba tuusikilize tena.

"Mimi nilisikia mtoto kaanguka, nikauliza tu," Mwanasha akasema. "Wamekata swali, wamebakisha kifo."

Nani alikata, mama? Mpaka leo sijui. Alikusudia, ama alikuwa na haraka tu, akaona mwanzo unatosha? Nalifikiria jambo hili nikipika, nikioga. Miaka yote hii nimekuwa nikidhani uvumi una baba yake mwongo. Sikuwahi kuwaza kwamba unaweza kuzaliwa na mama anayemtafuta mwanawe.

Tulimwomba aseme redioni. Alikataa. Akahofia kuchekwa, akamhofia na mumewe. Wakesho hakumlazimisha. Aliuliza tu kama angependa watu waisikie ile sauti nzima. Mwanasha akauteremsha mtandio usoni, akasema, "Yote? Bila kukata hata neno?" Tukamwahidi. Akakubali.

Basi jioni ile ujumbe wake ulisikika mzima, kuanzia "jamani" mpaka "tafadhali." Baada yake alizungumza mwalimu mkuu, kisha yule binti aliyezirai, akaeleza kwa sauti nyembamba kwamba alikuwa na njaa.

Muuguzi aliporudi shuleni na koti lake mwilini, watoto walipewa uji kwanza. Nilikwenda kutazama. Sitakudanganya, hawakuja wote, na wazazi wengine walisimama mbali wamekunja mikono. Mwanasha alikuja. Alimpeleka bintiye mbele kabisa, akamshika bega mpaka kidonge kikapita kooni.

Yule mtoto akafuta mdomo, akamtazama muuguzi. "Sasa hii dawa inajuaje mdudu alipo?"

Watu wakacheka, hata wale wa mbali. Muuguzi hakucheka. Alichuchumaa wakatazamana uso kwa uso, akaanza kumweleza, na wazazi mmoja mmoja wakasogea wasikie.

Mungu akulaze pema, mama. Ningali nina mengi ya kukuuliza.

Ni mimi, binti yako