Dirisha Lisilongoja

Kasongo, Jumanne

Bado ninaiona karatasi ile: «Baba: hajulikani.»

Programu ya maternité, wodi ya kujifungulia, niliitengeneza mimi. Tantine, shangazi yangu, ni mkunga pale, aliniamini. Dirisha dogo linafunguka kwenye skrini kuuliza jina la baba, nami nililiwekea sekunde ishirini. Zikipita bila jibu, programu inajaza «hajulikani» na kuchapa karatasi ya kuzaliwa ya mtoto. Nilidhani kila mama atajibu haraka.

Leo, nikiwa pale, tantine alimuuliza mama mmoja kutoka Salamabila. Mume wake alifukiwa na shimo la dhahabu mwezi uliopita. Alipokuwa anameza machozi, karatasi ikatoka.

Aliisoma. «Hajulikani? Mutoto wangu iko na baba! Mashine yenu haina adabu, inauliza mutu halafu haimungojei.»

Nikaivuta kompyuta kwangu. Darasani profesa akiniuliza kwa Kifaransa hupita kwa mwingine kabla sijajibu. Mimi kuliko wote nilipaswa kujua.

Nikafuta zile sekunde, nikaliamuru dirisha lisimamishe kila kitu mpaka lijibiwe.

«Mama, sasa inangoja.»

Sekunde ishirini zikapita, dirisha likabaki wazi. Tantine hakumharakisha. Kisha mama akataja jina la mume wake, taratibu, na la baba mkwe. Akaniomba nimsomee kabla ya kuchapa. Nilisoma kwa sauti, mara mbili.

Lakini kuna karatasi za wiki iliyopita. Wako akina mama waliozikunja bila kujua kusoma, wakasema aksanti, wakaenda.

Kesho nitamwambia tantine kwamba huenda zao nazo zimeandikwa «hajulikani», tuwatafute. Kwa mdomo wangu.