Ukuta Uliopinda

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, na yule kuku uliyetuachia ametaga.

Shangazi, najua uliacha kuja kwetu uliposikia kwamba baba amekuwa mlevi. Si kweli. Ameanza dawa za virusi vya UKIMWI. Alikuwa akizimeza asubuhi, basi anafika kazini kichwa kinamzunguka. Siku moja alijenga ukuta ukapinda. Msimamizi akamwambia mbele ya wenzake, "Fundi, pombe umeyanywesha hadi matofali?" Wakacheka, naye akacheka nao.

Nilimuuliza mbona hakujitetea. Akasema, "Mwanangu, mlevi hupewa siku nyingine. Mgonjwa huambiwa akapumzike kwake."

Nilimsindikiza kliniki nikamweleza muuguzi yote, baba akitazama viatu vyake tu. Sasa anameza dawa anapokwenda kulala. Jana nikitoka shule nilimwona akiteremsha uzi wa timazi ukutani kupima kama umenyooka. Uzi ulikwenda sawa na matofali toka juu hadi chini.

Leo ameniambia, "Mwandikie dada yangu. Usimfiche kitu." Halafu akauliza kama nadhani utakuja. Nimemjibu kwamba utakuja.

Ni mimi, binti wa kaka yako asiyekunywa.