Jeneza Letu Limegeuzwa Vibati vya Funguo

Jumamosi, Kibiti. Mvua imekatika, barabara ni tope tupu, na mteja hakuna. Nimefunga duka langu la kuchapa barua, nimekaa mbele ya kompyuta, na nina hasira. Nimekunywa chai, nimesali adhuhuri, bado ninayo. Acha niiandike.

Kaka yangu Hamisi ametoa jeneza la kijiji likakatwe vipande.

Nianzie mbali kidogo, maana sijui anayesoma haya yuko wapi. Kwetu ni delta, mbele kidogo ya Salale, huko kwenye mikoko. Maiti wetu tunawazika kwa sanda, na jeneza ni la msikiti: linampeleka mtu makaburini, linarudi, linangoja mwingine. La mbao halidumu kwetu. Likikoswa na maji ya chumvi, litaliwa na mchwa.

Baba yangu alikuwa fundi uwanja wa ndege, Dar. Zilipokuja siku hizi za soko huria shirika likayumba, mafundi wakapunguzwa, na ndege moja ya abiria iliyokwisha kuzeeka ikasukumwa pembeni kusubiri wanunuzi wa chuma chakavu. Baba alirudi nyumbani na mabati ya ubavu wa ndege ile. Aliyashusha kwenye boti watu wanamcheka, wakidhani amechanganyikiwa kwa kukosa kazi. Akayaunda jeneza.

Lilikuwa jepesi, na kutu halikuijua. Ubavuni lilibaki na mstari wa buluu na tundu moja la dirisha. Baba hakuliziba. Alidai akiliziba atalidhoofisha bati, lakini mimi naamini alilipenda tu.

Watani ndio waliolipenda kuliko wote. Kila msiba walijitupa mlangoni wakazuia njia: ndege hairuki mpaka nauli ilipwe, na huyu abiria kashika kiti cha dirishani, aongeze! Wafiwa walicheka huku wanalia. Baba mwenyewe alipofariki alitoka kwa jeneza hilo hilo, na watani wakadai rubani naye alipe.

Sisi wanawake hatuendi makaburini. Kwa hiyo kitu cha mwisho nilichokiona cha baba yangu ni ule mstari wa buluu juu ya mabega ya watu, unapinda kwenye mikoko, haupo tena. Mama alikuwa amenishika mkono. Aliniambia pale pale, na yeye siku yake atoke na lile lile. Hajawahi kuniomba jambo jingine kubwa.

Basi wiki mbili zilizopita nimekwenda kijijini kwenye msiba wa Bi Zuhura, jirani yetu, nakuta uani kuna jeneza la mabomba ya chuma, limepakwa rangi ya kijani, bado linanuka rangi. Wanaume walilinyanyua kwa kuguna. Tope liliwafika magotini kabla hawajafika hata kwenye mikoko. Watani walisimama pembeni, hawakuzuia mlango, hawakudai nauli. Sijawahi kuona msiba wa kwetu wenye ukimya namna ile.

Nikauliza. Nikaambiwa amekuja mfanyabiashara wa Dar, amelichukua la baba akaacha hili la chuma. Kamati ya msikiti ikamwuliza Hamisi kama mtoto wa kiume wa fundi, naye akasema lichukuliwe, lile la zamani lina viraka, linatutia aibu kwa wageni. Mimi sikuulizwa. Mama, aliyelala kitandani hatua chache kutoka msikitini, hakuulizwa. Wanawake hawabebi jeneza, basi halituhusu.

Halituhusu!

Juzi nilikwenda Dar kununua karatasi, nikamtafuta huyo mfanyabiashara mpaka nikampata. Kijana mpole, ana karakana safi nyuma ya nyumba. Ananunua ndege zilizostaafu, anakata bati lake vipande kama kiberiti, anatoboa tundu, anagonga jina la aina ya ndege, anatia pete ya funguo. Anawauzia wapenda ndege wa nje. Anasema kuna watu wanazipenda ndege kama sisi tunavyopenda mpira, wanajua kila moja ilizaliwa wapi na ilitua wapi. Ndege ile ya baba, sehemu iliyobaki Dar alishaimaliza, ndipo akasikia kuna ubavu wenye mstari uko delta.

Kusema kweli, vibati vyenyewe ni vizuri. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Nilivishika nikatamani kuvisifia.

Kila kimoja kina kadi ya Kiingereza inayoeleza maisha ya ndege. Nikaisoma. Inaishia siku ndege iliposimamishwa kuruka. Baada ya hapo, kwa mujibu wa kadi, hapana kitu. Baba hayumo. Watu wote wa kijiji chetu waliopanda humo, watu ambao wakiwa hai hawakuwahi hata kuukaribia uwanja wa ndege, hawamo.

Nikamwuliza mbona hakuandika.

"Dada, nikiandika lilikuwa jeneza, nani atanunua?"

Nilitaka kumtukana. Akanipa kimoja bure, chenye buluu. Nikakipokea, na mpaka sasa najichukia kwa kusema ahsante. Saa hizi huko Ulaya kuna mtu anawasha gari lake, funguo zinaning'inia kwenye jeneza letu, na hana habari.

Jana nikaenda kwa Mama. Njia nzima kwenye boti nilikuwa napanga namna ya kumficha. Ana siku nyingi hanyanyuki, nikajiambia habari hii itammaliza. Nikamkuta anamenya karanga huku amelala, akaniangalia usoni mara moja tu.

"Umekuja na la ndege," akasema. "Miye nalijua toka siku ile. Nililisikia likipakiwa. Bati la baba yako nisilijue mlio?"

Nikampa kile kibati. Akakipapasa, akapitisha kidole kwenye tundu, akakirudisha mkononi mwangu kama mtu anayerudisha chenji ya bandia. Nikaanza kumlaani Hamisi. Akaninyamazisha.

"Weye hasira yako ya bati. Yangu miye si ya bati. Mwanangu anapita hapa dirishani kila siku kwenda msikitini, hajaingia kuniambia. Kanikwepa nikiwa hai."

Akamenya karanga mbili tatu. Kisha akatoa agizo, na akanitaka nilirudie mbele yake kama mtoto wa madrasa, nisije nikalipunguza.

Siku yake, Hamisi abebe mbele. Aanze mlangoni, afike kaburini. Watu wakija kumpokea bega kama desturi, asipokewe. Chuma kakileta mwenyewe.

Nililia, kisha nikacheka, maana watani wenyewe wasingeweza kumtoza nauli kubwa kuliko hiyo. Mama hakucheka.

Hamisi yuko hapa Kibiti tangu asubuhi, kaja sokoni. Nimemwona akipita mbele ya duka na mwavuli, akageuza uso. Boti ya kurudi haiondoki mpaka kesho. Kibati ninacho mkononi, na agizo nalijua kwa moyo. Nitakapomaliza kuandika hapa natoka naenda kumtafuta, nimpe vyote viwili, angali ana mama wa kumwomba radhi.