Dakika Nne za Kornelio

Jumatatu, 1 Novemba 1971
Darasa la watu wazima jioni. Mwalimu wetu Letisia katusomea gazeti: Wamarekani wamezungusha saa dunia nzima kwa ndege. Wanataka kujua kama saa inayosafiri huchelewa kuliko iliyobaki nyumbani. Kornelio — gadi wa treni, kofia upande — akadakia: basi mimi sizeeki, kila siku niko safarini! Letisia akacheka mpaka akafuta machozi. Machozi! Nikasema wakati ni ule ule, saa hupoteza majira kwa kutikiswa tu. Nani alisikiliza? Yeye anaitwa "Kone". Mimi "Ndugu Karani".

Jumanne, 2 Novemba
Nina wivu. Niandike tu, hakuna anayesoma. Shangazi atanipelekea posa mlimani Vidunda, kwa wazazi wa Letisia, baada ya Krismasi. Krismasi iko mbali mno!

Jumatano, 3 Novemba
Saa nne wakubwa wa reli Dar wakapiga simu hapa stesheni kutupa saa sahihi, kama kila asubuhi. Kornelio akaweka saa yake mezani niilinganishe na ya ukutani, nitie sahihi kwenye kitabu cha saa. Akatoka kununua maandazi. Nikairudisha nyuma dakika nne. Nikatia sahihi.
Treni haiongozwi na saa yake, hakuna wa kudhurika — nimejiambia hivyo. Nataka stesheni masta amkaripie, basi.

Alhamisi, 4 Novemba
Kornelio karudi kutoka Dodoma. Saa imechelewa dakika nne! Saa ambayo haijawahi kupotea hata nusu dakika. Stesheni masta hakukaripia. Kaita watu! Njooni muone, la gazetini ni kweli! Mzee Melkizedek, fundi wa reli, akasema ndiyo maana yeye kazeeka hivi, miaka thelathini amekaa stesheni hii ya Munisagara tu. Foleni mpaka nje, kuangalia saa ya Kone.
Nikamkumbusha Letisia: gazeti lilisema tofauti ni ndogo kuliko kufumba jicho. Akaniuliza, sasa Ndugu Karani una maelezo gani mengine?
Ninayo. Nikiyatoa, sina kazi.
Nikasema: mtikisiko. Wakacheka. Kornelio akanishika bega, kwa upole kabisa: "Usiumie, kaka." Heri angenitukana.

Ijumaa, 5 Novemba
Nasikia Jumapili Kornelio anapanda Vidunda. Kwa nani? Kwa nani tena!

Saa nne na nusu asubuhi. Letisia yuko hapa, dirishani pa ofisi. Peke yake. Anasema amepiga hesabu mara tatu: kwa mwendo wa treni hata sekunde moja haipotei. Na mtikisiko nao haukati dakika nne kamili, bila kuzidi wala kupungua. Anaomba kitabu cha saa, aone Jumatano nani alilinganisha.
Nimemwambia asubiri, nina kazi ya kuandika. Naandika hii. Kitabu kiko chini ya kiwiko changu.
"Andika tu, Timotheo," anasema. "Nasubiri."
Hajawahi kuniita kwa jina langu. Hata siku moja —