Sifuri Yangu Imefika Wodini

Shoga, nimekwisha.

Unakumbuka ile programu ya bure ninayochangia mtandaoni, inayopitisha data kutoka lugha ya kompyuta ya Python kwenda ile ya C? Ilikuwa inakwama ikikuta nafasi tupu, nikaifanya iweke sifuri. Wakanisifu!

Sasa dada yangu, yule muuguzi, kanipigia kutoka wodini, anafoka. Kompyuta yao imeandika mzio wa dawa wa mgonjwa ni sifuri, yaani hana. Sifuri! Kumbe hakuna aliyemuuliza, nafasi ilikuwa tupu. Dada kamuuliza mwenyewe, sindano iko mkononi. Ile dawa ingemuua.

Kanitumia picha ya skrini. Pale chini wameorodhesha programu walizotumia. Yetu imo.



Halafu ananiambia, “Mdogo wangu, wewe ndiye mtaalamu wetu. Nitafutie huyo mpumbavu aliyeweka sifuri.”

Nikamjibu, “Sawa dada, nitamtafuta.”