Nukta Iliyogoma Wodini

Mama yangu kipenzi, shikamoo. Mvua ya Ifakara imenilowesha, lakini wali wa huku unanukia hata kabla hujafunua sufuria. Nimekuja kuangalia ni wapi manesi wanaweza kukosea kwenye mashine ya dripu tuliyoitengeneza ofisini. Jana Nesi Veneranda alibonyeza tano nukta sifuri. Kitufe cha nukta kikagoma, ikasomeka hamsini. Aliizima mashine kabla dawa haijamfikia mtoto mchanga aliyetundikiwa dripu, kisha akalia.

“Uzee huu, mwanangu.”

“Hapana, mama,” nikamwambia. “Kosa ni letu tulioitengeneza.”

Mashine nimeitoa wodini hadi tuirekebishe, na yeye ndiye atakayeijaribu kwanza. Mtoto ananyonya vizuri. Nawe Mama, simu ikikukorofisha, usijilaumu. Nakukumbuka sana.

Mwanao, Fausta